Soma ramani ya jiolojia kabla ya kuchimba shimo la maji taka Nakuru

Mtu akinunua kiwanja Nakuru, fundi huitwa haraka achimbe septiki na shimo la kunyonya maji. Mimi huanza na ramani ya jiolojia. Ramani hunionyesha pa kukataa. Kukubali kunangoja sururu na ndoo.

1. Tazama skeli. Ramani za jiolojia za eneo hili utakazopata nyingi ni za 1:125,000, yaani milimita 1 ni mita 125. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 hakifiki hata robo ya milimita. Alama ya penseli inakifunika pamoja na cha jirani! Kiwanja kikiwa karibu na mpaka wa rangi mbili, kihesabu kwenye ile mbaya.

2. Soma ufunguo wa rangi. Mashapo ya ziwa ni matope laini yaliyotulia chini ya maji. Miaka kama 9,000 iliyopita maziwa ya Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa, ndiyo maana utakuta mashapo hayo mbali na ufuo wa leo. Hunyonya polepole, na karibu na ziwa maji ya ardhini yako juu. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji hayo wakati wa masika.

Pamisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu lililorushwa na volkano kama Menengai, ndiyo hunitia hofu zaidi. Upande wa Kiamunyi nilimwaga ndoo nzima kwenye shimo la majaribio. Kabla sijaiweka chini, maji yalikuwa yametoweka. Mwenye kiwanja alifurahi sana, akasema hapo hatalipia kunyonyewa choo maisha yake yote. Nikamwonyesha kisima cha jirani. Maji yanayopita mbio hivyo hayasafishwi na udongo, na uchafu hufika chini na vijidudu vyake vyote.

3. Tafuta nyufa. Ni mistari mizito, mingi ikielekea kaskazini hadi kusini kama Bonde la Ufa lenyewe. Mvua kubwa huweza kusomba majivu laini yaliyoziba ufa, na ardhi ikafunguka usiku mmoja. Kiwanja kikiwa chini ya milimita 2 za ramani kutoka kwenye mstari, mimi sichimbi: najenga tangi lisilovuja, linyonywe na eksosta, lile lori la kunyonya choo.

4. Kiwanja kikipita, pima. Chimba kitundu cha upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho shimo litanyonyea. Kijaze maji, kilale kimelowa. Asubuhi kijaze tena, simamisha rula, hesabu dakika hadi maji yashuke milimita 25. Zikizidi 60, shimo litafurika. Ikiwa ni chini ya dakika 1, rudi kwenye habari ya pamisi.

Fanya hivyo pembe tatu za kiwanja, kwa sababu majivu ya volkano hubadilika ndani ya hatua kumi. Kisha andika dakika zako kwenye nakala yako ya ramani, mahali ulipochimba. Yangu imejaa namba za Lanet na Free Area, na siku hizi naifungua kabla ya ile ya serikali.