Meseji ya "bima ya mkopo wako irejeshwe": uifanye nini, na pesa ya kweli uidai wapi

Meseji huingia kutoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi: "Ndugu mteja, bima ya mkopo wako iliyokatwa kimakosa Sh 1,850,000 ipo tayari kurejeshwa. Piga namba hii kabla ya saa 10 jioni. Ofisa Bima." Haitaji benki, haitaji tarehe ya mkopo, wala haina jina lako. Imeandikwa imwingie mwalimu wa Sengerema, mama mwenye kizimba cha dagaa Kirumba Mwaloni na kijana wa bodaboda Buhongwa, huku kwetu Mwanza, kwa mpigo mmoja, maana katika hao watatu hakosi mmoja aliyewahi kukopa akakuta kilichoingia kwenye akaunti ni pungufu ya alichosaini. Hapo ndipo inaposhika: makato yapo kweli. Uongo uko kwenye kiasi na kwenye anayekuita.

Anza na hesabu

Bima ya mkopo hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Nyingine huongeza kupoteza ajira. Kwa mikopo mingi malipo yake hukatwa mara moja tu, siku pesa inapotoka. Kiasi kimeandikwa kwenye barua ya ofa, kwenye mkataba au kwenye taarifa ya akaunti ya siku hiyo, karibu na ada ya kushughulikia mkopo. Kitafute kabla ya kumpigia mtu yeyote.

Tuchukue mfano. Umekopa Sh 5,000,000 kwa miezi 48, ukakatwa bima Sh 75,000. Hata benki ikikiri kwamba haikupaswa kukukata hata senti, bima inayorudi ni Sh 75,000, na riba yake ikiwa pesa hiyo iliingizwa kwenye deni. Haiwezi kuwa Sh 1,850,000. Kipimo hiki kimoja kinaua meseji nyingi za aina hii bila kuhitaji ujuzi wowote wa simu: anayekuahidi zaidi ya ulichokatwa hakijui ulichokatwa.

Ukimaliza mkopo mapema, mahesabu hubadilika kidogo. Tuseme umelipa deni lote baada ya miezi 18, imebaki 30. Wengi hugawanya moja kwa moja: 75,000 mara 30 gawanya kwa 48, wanapata Sh 46,875. Kampuni ya bima mara nyingi hukokotoa chini ya hapo, kwa sababu deni hupungua kila mwezi na hatari inayobebwa hupungua nalo. Kwa njia ya kujumlisha miezi (1 hadi 30 ni 465, 1 hadi 48 ni 1,176) unapata kama Sh 29,650, na mkataba unaweza kuruhusu gharama za uendeshaji zikatwe humo. Kama mkataba haurudishi chochote ukilipa mapema, utakuwa umesema hivyo. Na ukifika mwisho wa miezi yako 48 ukiwa mzima, bima hairudi. Si akiba ile. Kutokufa si sababu ya kudai.

Wanachotaka

Ukipiga, mazungumzo huelekea sehemu moja kati ya tatu. Ya kwanza ni ada: "tuma Sh 25,000 ya kufungua faili." Ukituma, kesho kuna ada ya muhuri, keshokutwa kodi. Kampuni au benki unayoidai haihitaji pesa yako ili ikulipe. Kama kuna cha kukata, itakata humo humo kwenye malipo.

Ya pili ni namba za siri. Watakuomba usome tarakimu "zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako ili tuthibitishe." Hizo ndizo zinazofungua akaunti yako ya benki kwenye simu nyingine. Au watakuelekeza ubonyeze *150*00#, *150*01#, *150*60# au *150*88# "ili upokee." Hakuna anayebonyeza chochote ili apokee pesa ya simu. Menyu hizo ukiingiza kiasi na namba ya siri, unatuma. Wapo pia wanaokuambia ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba yao kisha #. Hiyo huhamishia simu zako zote kwao, hivyo benki ikikupigia kuthibitisha muamala, tapeli ndiye anayepokea. Ukiwa na shaka bonyeza *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa mahali, kisha ##002# kufuta maelekezo yote.

Ya tatu ni taarifa: picha ya kitambulisho cha NIDA, namba ya akaunti, jina la mwajiri. Siku hiyo hupotezi hata mia, ndiyo maana watu huzitoa bila wasiwasi. Ila kwa taarifa hizo hizo mtu anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako.

Wakikutajia majina yako yote matatu, usilegee. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa kwa simu, jina lako humtokea kabla hajathibitisha. Analisoma, anaghairi, anakupigia. Wakitaja benki yako, kiasi cha mkopo na tarehe, hilo ni jambo jingine kabisa: taarifa zimevuja mahali. Iandikie benki, na unaweza kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022. Kama uliwahi kukopa kwenye programu za simu, anza kushuku huko. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na nyingi za aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina na meseji zako zote siku unapoziweka.

Meseji ikiingia

1. Usijibu. Si "hapana", si "acheni", si matusi. Namba nyingi hutumiwa kwa kufuatana tu, bila anayetuma kujua ipi ina mtu. Jibu lolote linamwambia kwamba laini yako hai na mwenyewe husoma, na namba ya namna hiyo ndiyo yenye thamani kwao. Usibonyeze kiungo pia.

2. Piga picha ya skrini, au kwa kitochi andika pembeni namba, siku na saa.

3. Tuma ujumbe huo kama ulivyo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Utajibiwa uandike namba iliyokutumia; iandike yote bila nafasi. Hatua hii ya pili ndiyo watu huiruka. Ujumbe ukisafirishwa hauendi na namba ya mwanzo, kwa hiyo usipoijaza, ripoti yako haina mhusika.

4. Zuia namba, kisha futa. Ukianza kwa kufuta huna tena cha kuripoti.

5. Bonyeza *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako iondolewe.

Ujumbe unaokuja na jina badala ya namba pia si wa kuaminiwa kwa macho. Majina hughushiwa. Na ukipigiwa na anayejiita huduma kwa wateja, kumbuka mitandao imeshawaambia wateja kuwa huwapigia kwa namba 100. Hata hiyo 100 haikuulizi namba ya siri. Kata, upige 100 mwenyewe.

Ziwani na visiwani

Kuna mambo mawili ya huku kwetu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika, pesa hukauka, na mikopo midogo huchukuliwa kipindi hicho, ile ya riba kali iitwayo kausha damu ikiwemo. Meseji ya "marejesho ya bima" ikimkuta mvuvi wiki hiyo huwa tamu kuliko kawaida. Mwenye kikundi cha mikopo Igombe au Nansio afadhali aliseme hili kwenye kikao cha wiki hiyo hiyo, asisubiri mtu alizwe kwanza.

La pili ni simu ya kushirikiana. Baba yuko kambini, simu kaiacha kwa mke au mtoto, na namba ya siri wanaijua wote. Tapeli hapendi mtu zaidi ya mtoto anayejibu, "Baba hayupo, lakini naweza kubonyeza." Kama ni lazima simu ibaki nyumbani, hamishia salio kubwa kwenye laini nyingine isiyoachwa, na umwambie anayebaki nayo jibu moja tu: "Shikamoo, baba akirudi atakwenda benki mwenyewe." Kisha akate.

Wakala naye ajihadhari. Mteja akija na meseji ya "Umepokea Sh 600,000 marejesho ya bima" akitaka kutoa, amwambie aingie kwanza kwenye menyu atazame salio lake. Meseji za kupokea huandikwa na yeyote kwenye simu yoyote, salio haliandikwi. Mchezo mwingine wa matapeli ni huu: "tumekuzidishia, rudisha Sh 200,000." Salio likiwa halijaongezeka, hakuna cha kurudisha.

Kama pesa imeshakwenda

Hapa dakika ndiyo kila kitu, kwa sababu pesa hiyo hutolewa kwa wakala mara tu inapofika. Piga 100 ya mtandao uliotumia kabla hujamwambia hata jirani. Uwe na namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, saa na namba iliyopokea, uombe pesa izuiwe. Kama ulisoma tarakimu za benki, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako, wafunge huduma ya simu na kadi. Badilisha namba za siri kwa simu nyingine kama ulibonyeza kiungo. Kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, ukitaja kwamba ni kosa la mtandao. Sheria yake ni ya mwaka 2015. Bila polisi kuhusika, mtandao hautakupa jina na taarifa za mwenye laini iliyopokea, hata ukilia kaunta.

Halafu jiandae: wiki chache baadaye hupiga "mwanasheria" anayerudisha pesa za waliotapeliwa. Ana namba yako kwa sababu umo kwenye orodha ya waliolipa.

Uingereza ilikoanzia

Mtindo huu haukubuniwa hapa. Uingereza benki ziliuza kwa miaka mingi bima ya marejesho ya mkopo, iitwayo PPI, kwa watu wasioweza kamwe kunufaika nayo, wakiwemo waliojiajiri waliouziwa kinga ya kupoteza ajira. Benki zilirudisha zaidi ya pauni bilioni 38, na mwisho wa kudai ulikuwa 29 Agosti 2019. Humo katikati zikachipuka kampuni za kutuma mamilioni ya meseji na kuuza namba za waliojibu kwa kampuni zinazodai kwa niaba ya watu. Huko meseji hizo huripotiwa kwa 7726. Ukiwa na ndugu aliyewahi kuishi kule na sasa anatumiwa meseji za PPI, mwambie dirisha lilishafungwa.

Kudai cha kweli

Yule mama wa Mwaloni asiyeajiriwa na mtu, akikuta kakatwa bima ya kupoteza ajira, ana hoja, ile ile iliyozibana benki za Uingereza. Ana hoja pia aliyekatwa bila kuonyeshwa kiasi, aliyevuka umri ambao bima yenyewe inakubali, na aliyeongeza mkopo juu ya mkopo akakatwa bima mpya huku ya zamani ikiwa imebaki na miezi. Hili la kuongeza mkopo ndilo tungelikagua la kwanza kwa mtumishi wa serikali.

Dai huanzia tawi lililokukopesha, kwa barua. Omba vitu vitatu: nakala ya hati ya bima ikiwa na jina la kampuni, mchanganuo wa makato ya siku mkopo ulipotoka, na hesabu ya sehemu isiyotumika. Taja namba ya mkopo na akaunti ya kulipwa. Andika nakala mbili, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, moja urudi nayo. Ofisa atakayesema "acha tu, tutakupigia" mwambie kwa upole, "Sawa dada, nagongewa muhuri kwanza."

Wakikaa kimya au ukaona jibu halina maana, suala la makato ya benki lipeleke Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza mjini. Suala la kampuni ya bima yenyewe ni la TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kote huko swali la kwanza ni kama ulianza kwa mkopeshaji wako na alikujibu nini, kwa hiyo nenda na ile nakala yenye muhuri, mkataba, na taarifa ya akaunti ya mwezi uliokopa. Wa Sengerema na Geita wanaopita daraja la Kigongo–Busisi wabebe na kitambulisho halisi, kivuli peke yake huweza kukurudisha ulikotoka.