Kuwapeleka watu Mosi-oa-Tunya kutoka Lubumbashi

Mara ya kwanza nilipowapeleka watu Livingstone, Zambia, kuona Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, tulikuwa 22, wengi wetu wauzaji wa soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi kwetu Kongo, na tulichokwenda kukiona ni ukuta. Ukuta wa jiwe jeusi, mrefu, mkavu. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mama mmoja anayeuza samaki wakavu aliegemea kizuizi, akatazama chini, akatazama kushoto, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama kapita," yaani mama kiongozi, "sasa mayi iko wapi?" Watu walikuwa wamechanga miezi saba na kukaa barabarani siku mbili, na mimi sikuwa na jibu.

Nimerudi mara tano tangu siku ile. Biashara yangu ni vitenge na sufuria, na barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, naijua kama lopango letu, ua wa nyumbani, lakini mzigo na watu ni vitu viwili. Mzigo haukuulizi choo kiko wapi. Ninayoandika hapa ni kwa yule ambaye kwaya yake, familia yake au mama wa likelemba yake, mchango wa kupokezana fedha kwa zamu, wamemtazama wakasema: wewe ndiye utakayetupeleka.

Mwezi kwanza, basi baadaye

Sisi wa Katanga tunapima mito kwa mvua. Ikianza kupiga mabati Novemba, tunasema maji yamekuja. Zambezi haina hesabu hiyo. Inaanzia Mwinilunga, karibu sana na mpaka wetu, inapita Angola, inarudi Zambia na kushuka hadi uwanda wa Barotse. Pale maji yanatanda na kukawia kabla ya kuendelea kusini. Kwa hiyo mvua kubwa za mwanzo wa mwaka huonekana kwenye maporomoko mwezi wa nne, na Oktoba na Novemba mto uko chini kabisa, hata kama Lubumbashi watu wameshatoa miavuli.

Kuna na la pili, ambalo nililijua nikiwa nimekwisha aibika: mwamba wa upande wa Zambia uko juu kuliko ule wa Zimbabwe. Maji yakipungua hukimbilia mifereji ya chini kule ng'ambo, na upande tunaofikia sisi unabaki jiwe tupu.

Basi mtu atasema twende Aprili, maji yakiwa yamejaa. Nilikwenda Aprili pia. Unasikia ngurumo hadi kifuani, unalowa kama uliyemwagiwa ndoo, na mbele yako ni weupe tu. Picha zote za safari ile utadhani tulipiga ndani ya moshi wa makaa. Sasa nachagua kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Julai. Maji bado ni mengi, ukungu umepungua, na Julai shule zimefungwa. Usiku kuna baridi, ila mtu aliyekulia Lubumbashi hafundishwi sweta ya Juni.

Ndani ya miezi hiyo tafuta mwezi mpevu. Siku hizo bustani ya maporomoko hufunguliwa usiku, na ukisimama mahali panapofaa unaona upinde wa mvua uliotengenezwa na mbalamwezi, hafifu, karibu mweupe, hadi ulitazame kwa muda ndipo rangi zinajitokeza. Lakini epuka Jumatatu na Jumanne ya kwanza ya Julai. Wazambia wana sikukuu zao mbili, ya mashujaa na ya umoja, na nusu ya Lusaka inakuwa Livingstone.

Kutakuwa na mjuaji mmoja kikundini atakayeuliza kwa nini mwende mbali wakati tuna Lofoi kule Kundelungu, inayoanguka zaidi ya mita 300, na Mosi-oa-Tunya ni mita 108 tu. Anasema kweli. Mwambie atafute basi litakalofika Lofoi na watu 22 wakiwa wazima, nanyi mtamfuata. Hadi leo nalingoja basi hilo.

Franga na karatasi

Changeni kwa mtindo wa likelemba, ila fedha isizunguke; ikae. Sisi tulitoa dola 10 kila wiki, wiki 30. Mmoja anashika fedha, mwingine anashika daftari, na wawili hao wasitoke lopango moja. Wekeni na siku ya kukata: kwetu, aliyefika wiki ya 20 bila kutimiza nusu alirudishiwa chake na jina likafutwa. Nilimfuta mama mkwe wangu. Hakuniamkia hadi Noeli. Lakini ningemwacha, wanne wengine wangesimama palepale, na siku ya safari ningekuwa nakopa njiani.

Dola ziwe safi. Noti yenye mpasuko au wino mtu ataikataa kwetu, na kule wataikataa pia. Zibadilisheni ziwe kwacha, fedha ya Zambia, kwenye duka rasmi la fedha, si kwa vijana wa mpakani, ambao wanahesabu haraka kuliko macho yako. Zambia ilifuta sufuri tatu kwenye fedha yake mwaka 2013, na noti za zamani hazifai kitu sasa. Mgeni asiyejua anaweza kupewa moja katikati ya bunda.

Pasipoti zikaguliwe miezi mitatu kabla, zote, na mtu mmoja, kwa macho yake. Nimewahi kuambiwa "ninayo" na mtu aliyekuwa na ya marehemu kaka yake. Kadi ya manjano ya homa ya manjano ni lazima kwetu tunaotoka Kongo, na chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa juzi hakusaidii. Mambo ya visa ulizeni konsulati ya Zambia hapa mjini kabla ya kulipa chumba hata kimoja. Taratibu hubadilika, na jirani aliyekwenda mwaka jana si konsulati. Mtoto anayesafiri bila mzazi mmoja awe na barua ya huyo mzazi iliyothibitishwa. Kisha andika orodha ya watu wote, majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na namba zake, toa nakala sita. Karatasi hiyo imenifungulia milango mingi kuliko maneno matamu.

Kasumbalesa kwa miguu

Safari ya kwanza tulikodi basi la Lubumbashi. Kosa. Mlango wake ulikuwa kulia, kama inavyofaa barabara zetu. Zambia wanaendesha kushoto, kwa hiyo kila tuliposimama mama zangu walishukia katikati ya barabara, malori ya shaba yakiwapitia puani. Juu ya hilo, karatasi za gari na bima zilitukalisha mpakani kuliko pasipoti za watu wote 22.

Siku hizi tunaondoka kabla ya jogoo, tunapanda gari la hapa hadi Kasumbalesa, kilomita 90 hivi, tunavuka kwa miguu, na ng'ambo tunalikuta basi la Kizambia na shoferi wake. Foleni ya malori usiitazame, itakukatisha tamaa. Ya watu ni nyingine na inakwenda. Mzigo uwe ule ambao mtu anaweza kuubeba mwenyewe. Asibebe nyama mbichi. Asikubali, hata kwa huruma, kushika kifurushi cha mtu asiyemjua.

Kuhesabu watu niliacha. Ukihesabu 22 katika umati wa mpakani utapata 19, halafu 24. Badala yake kila mtu ana mwenzake, na swali langu ni moja: nani hamwoni mwenzake? Wawili wasiwe mume na mke, kwa sababu hao wakigombana kila mmoja atadai hamwoni mwenziwe.

Kutoka mpakani hadi Lusaka ni kama kilomita 450: Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe. Saa haibadiliki. Hadi Ndola wale wanaojua Kibemba watawaongoza, "mulishani" na "natotela" zinatosha kununua mahindi ya kuchoma. Kapiri Mposhi mtashangaa kusikia Kiswahili. Ndipo inapoishia reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam. Lusaka ni Kinyanja, na Livingstone ni Kitonga na Kilozi. Laleni Lusaka, msilazimishe. Kesho yake kuna kilomita 470 nyingine, na mzee aliyelala vizuri hanung'uniki hadi Choma.

Bukari, yaani ugali, mtaipata kila mahali, wao wanaiita nshima. Muziki wa basini uwe kwa zamu, kizazi kwa kizazi. Sitaeleza ugomvi uliozaa sheria hiyo.

Mbele ya maji

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafika mchana, wanaingia, wanapiga picha, wanatoka, jioni wanaulizana kesho kuna nini. Mimi naingiza watu mara mbili, na nalipia mara mbili.

Jioni ya kufika nawakalisha hotelini na kiongozi wa pale. Nimeshamkodi, na kabla ya hapo nimekaa naye nusu saa nikiandika anayosema, maana anazungumza Kiingereza na mimi ndiye mkalimani. Usisubiri kutafsiri bustanini. Mbele ya maji hakuna anayesikia hata jina lake. Hapo hotelini ndipo wanapoambiwa kwamba upana ni mita 1,708, kwamba Wakololo waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na kwamba David Livingstone alifika Novemba 1855 akayapa jina la malkia wake. Baba mmoja aliuliza kama waliokuwepo walimwomba jina jipya. Kiongozi akacheka, akasema swali hilo Wazungu hawamwulizi.

Asubuhi, kimya. Kwenye njia ya msituni nawaambia watu waende na wenzao na wasiningojee. Simu ndani ya mfuko wa plastiki, viatu vyenye mkanda, kitenge cha pili hotelini. Makoti ya mvua hukodishwa langoni. Yachukue kwa wazee, vijana watataka kulowa. Daraja la miguu la Knife-Edge linateleza na linatetemesha moyo, na kuna watu hawataki kulivuka. Waache. Mama yule wa samaki, aliyerudi nami mwaka wa tatu, alifika mwanzoni mwa daraja akakaa chini palepale, mvuke ukimnyeshea, saa nzima. Nilitaka kumwinua. Mwenzake akanishika mkono.

Njia ya kushuka hadi Boiling Pot, pale mto unapozunguka chini ya bonde kama chungu kinachochemka, ni ya magoti yenye afya. Kushuka kunadanganya, ngazi za kupanda ndizo zitakuonyesha umri wako. Wasioshuka wakae kivulini, lakini wasile. Nasema hivi kwa sababu ya nyani. Walituibia beseni la mikate iliyotoka Lubumbashi, likafunguliwa kifuniko kwa vidole kama vya mtu, na aliyekuwa analilinda alikuwa askari mstaafu. Chakula kibaki ndani ya basi, vioo vimefungwa.

Alasiri twende darajani, lile la chuma la mwaka 1905 linalounganisha Zambia na Zimbabwe. Mwombeni afisa wa uhamiaji kibali cha kutembea darajani na kurudi, na mweleweshe vizuri kwamba mnarudi. Vijana watatazama wanaojirusha na kamba, mita 111. Mimi naangalia wazee. Reli inayopita juu ya daraja hilo ndiyo iliyoendelea kaskazini hadi ikafika kwetu mwaka 1910, mwaka ule ule mji wetu ulipoanzishwa. Mzee mmoja tuliyekuwa naye alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Alishika chuma kwa mikono miwili, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

Siku ya pili turudi alfajiri, bila kiongozi, bila ratiba. Baada ya hapo Jumba la Makumbusho la Livingstone kwa anayependa, soko kwa anayependa. Wengi watapenda soko.

Na soko linanirudisha mpakani. Kabla ya kufika Kasumbalesa daftari lisomwe ndani ya basi, kwa sauti, hadi kwacha ya mwisho, watu wakiwa bado pamoja. Mkishavuka kila mtu anakimbilia gari lake. Kwenye duane, yaani forodha, kila mmoja asimame na ununuzi wake. Mara ya tatu nilimbebea mwenzangu sufuria sita kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma. Afisa akaniuliza ni za nani, mwenzangu alikuwa chooni, na nikazilipia mimi.