Kabla Hujafunga Oveni ya Chakavu Kwenye Meza ya Magurudumu

Mimi nasuka mota hapa Nyakato. Mota ikishasukwa na kupakwa vanishi inataka joto la nyuzi 120 hadi 130 kwa saa kadhaa, ili vanishi ikauke mpaka katikati ya koili. Jua la Mwanza halifiki huko, na masika hata hilo jua hulioni. Ndiyo maana nilinunua oveni kwa wauza vyuma chakavu, nikaifunga chini ya meza ya chuma yenye magurudumu ili niifuate kazi ilipo. Wengi wameniomba niwaelekeze. Haya, soma mpaka mwisho kabla hujashika bisibisi.

Anza na kibati cha nyuma, chenye maandishi ya volti na wati. Umeme wetu ni volti 230. Oveni ya Marekani inataka 240, lakini taa na saa yake hutumia 120, na hizo utaziunguza siku ya kwanza. Ya Ulaya mara nyingi ina konekta ya nyaya nyingi yenye vipande vya shaba vinavyounganisha laini. Vikiwa vimeng'olewa utakuta koili moja inawaka na nyingine imelala, kisha utasingizia themostati.

Piga hesabu. Wati 2,500 gawanya kwa 230 ni karibu ampia 11. Plagi ya fyuzi ya 13 inabeba, kwa waya wa milimita 2.5 na si ule mwembamba wa redio. Ikizidi wati 3,000, achana na plagi, ipe breka yake. Ekstensheni ifungue yote. Ukiiacha imejiviringisha kwenye gurudumu lake inapika yenyewe. Luku nayo: saa tatu mfululizo zinaweza kula mpaka uniti 7 na nusu, kwa hiyo kubaliana na mwenye mita kabla, si baada.

Ndani ya oveni usitumie waya wa nyumba. Ganda lake linavumilia nyuzi 70 tu. Tafuta wenye ganda la silikoni, na konekta za kauri badala ya plastiki. Waya unapoingia kwenye chuma weka mpira na kibano, maana meza inayotembea inatikisika. Swichi ikate nyaya zote mbili na ikae mahali unapofikia bila kuinama juu ya mlango.

Sasa ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hapa usiruke mstari.

Oveni yangu ilikuwa imekaa nje kwa muuzaji, inanyeshewa. Elementi za oveni zimejazwa unga mweupe kati ya waya na bomba lake, na unga ule hunywa unyevu. Ukilowa, umeme unavuja kwenda kwenye bodi, yaani chuma cha nje. Mimi nina mega, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, kila mota naipima kabla haijatoka mlangoni. Oveni sikuipima. Niliiwasha karakana, ikapasha vizuri, nikasema imepona. Kumbe ilikuwa inavuja na ethi ya karakana inameza kimya kimya.

Tukaitwa mwaloni, kule wanakoshushia samaki, upande wa Igombe, mota ya mashine ya barafu imeungua. Tukasukuma meza mpaka kwenye banda, nikaona soketi ya matundu matatu, nikachomeka. Kijana wangu alikuwa ametoka kunawa miguu ziwani, pekupeku, sakafu imelowa maji ya barafu. Akashika mpini wa mlango. Hakupiga kelele. Aliganda tu, mdomo wazi, mkono unatetemeka. Mama mmoja muuza dagaa ndiye aliyeshtuka: "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "zima!" Nikaivuta plagi kwa waya wake. Akaanguka chini, tukamkimbiza zahanati. Alipona, ila kiganja kilibaki na alama.

Niliporudi nikazima breka, nikafungua ile soketi. Nyuma kulikuwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Skrubu ya tatu ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani leo. Haijawahi kuguswa na waya tangu iwekwe. Tundu la ethi lilikuwa pambo.

Kwa hiyo, fundi, meza unaihamisha, ethi huihamishi. Kila unapofika, pima soketi kabla ya kuchomeka. Usiamini mita peke yake, maana hata ethi mbovu inaweza kukuonyesha 230. Tumia balbu: iunge kati ya laivu, waya wenye umeme, na ethi, kwa sekunde chache, watu wote wakiwa mbali na vyuma. Iwake kwa nguvu ileile ya laivu na nyutro, waya wa kurudisha umeme. Ikififia, au isipowaka, rudi nyumbani. Breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, ikikata, usikasirike, imefanya kazi yake. Na wewe funga yako ya miliampia 30 kwenye meza. Pima elementi kwa mega ya volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, itoe, ianike, ipime tena. Isipopanda, itupe.

Kuna mafundi wanaounga nyutro kwenye bodi "iwe ethi". Usithubutu. Siku mtu akigeuza nyaya kwenye soketi, meza nzima inakuwa laivu.

Mengine unayajua. Breki za magurudumu zifungwe, mbao zikae mbali na mgongo wa oveni, watoto wasisogee. Vanishi iache ichuruzike yote na mvuke uishe kabla ya kuwasha, la sivyo mlango utakurukia. Usiiache inawaka ukaenda kula. Na usiokee humo sato, hata mteja akikubembeleza, na watakubembeleza. Sumu ya vanishi haitoki kwa kufuta na kitambaa.

Yule kijana bado niko naye. Mpaka leo mlango wa oveni anaugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, ingawa kila mara namwambia mkono si testa.