Betri ya moyo: ya kupanga kabla mgonjwa hajavuka kurudi Lamu

Kama mzee wenu amewekwa betri ya moyo, ile pesimeka, kidude cha kusaidia moyo upige sawa, Mombasa ama Nairobi na mnajiandaa kumrudisha kisiwani, msianze na godoro wala supu, anzeni na boti. Nani atawavusha akizidiwa saa nane usiku, namba yake mnayo, na amekubali kuamshwa? Hospitali ya King Fahd iko hapo mjini sawa, lakini aliyeko Pate ama Faza ana bahari mbele yake, na hata wa mjini akiandikiwa rufaa lazima avuke mpaka Mokowe, bara. Kwa hivyo inabidi mjue mapema dalili gani inangoja kuche na gani haingoji.

Chenyewe kinakaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, waya zake zinapita kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo. Wiki za mwanzo hazijashika vizuri ndio maana madaktari wanasema wiki 4 mpaka 6 kiwiko kisipande juu ya bega na asibebe kizito, sasa we fikiria pale jetini, mzee anashuka kwenye boti na vijana watatu wote wanamvuta mkono kwa heshima zao! Waambieni kabla washike mkono wa pili, ama wamshike kiunoni. Kuteka maji kisimani na kupanda punda navyo basi kwanza. Ila msimfunge mkono siku nzima, autumie chini chini, bega lisije likaganda.

Sisi tulifunzwa na kwikwi. Siku ya tano shangazi yangu kaanza kwikwi, tukampa maji, tukampa sukari, watoto wakamshtua kwa nyuma, kila mtu anacheka, siku mbili hazikatiki, mpaka alfajiri moja anainuka kuswali akaona giza akakaa chini. Kumbe waya mmoja umesogea, umeme unapiga msuli wa pumzi badala ya kusaidia moyo. Akarudishwa ukawekwa sawa. Kwikwi zisizokatika, ama nyama ya kifua inaruka ruka yenyewe, pigeni simu siku hiyo hiyo, msingoje giza la macho kama sisi.

Kidonda nacho kitazameni kila siku kwa mwanga mzuri, na mkipige picha, manake macho yanasahau jana kilikuwaje. Maumivu kidogo na damu kuvilia siku za mwanzo ni kawaida. Kisicho kawaida ni uvimbe unaozidi, usaha, mshono kuachia, ngozi ya moto (kwa weusi wetu wekundu hauonekani vizuri, gusa na mgongo wa mkono) na homa. Hapa pwani homa ikija watu wanasema malaria, sawa apimwe, lakini mwambieni daktari kuna kidude kifuani, kwa sababu vijidudu vikifuata waya vinaingia mpaka damuni, na inaweza kutokea hata miezi baadaye. Msinunue antibayotiki za kubahatisha duka la dawa. Mtu asitoboe ule uvimbe, na wale wa kukanda na mafuta ya nazi, nawapenda sana, wakande miguu. Kidonda kisilowe mpaka daktari aruhusu, na udhu muulizeni sheikh mapema, mwenye kidonda ana nafuu yake.

Za kuondoka saa hiyo hiyo: kuzimia ama kukaribia kuzimia, kifua kubana, pumzi kukata ghafla. Wakati wa kupitisha waya pafu linaweza kuguswa, kwa hivyo pumzi fupi siku za kwanza msiseme ni uchovu wa basi. Mkono wote kuvimba upande wa betri ni siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda mshipani.

Kabla hamjatoka wodini muulizeni daktari betri imewekwa isishuke chini ya mapigo mangapi, wengi ni 60 kwa dakika, andikeni, na mmoja wenu afunzwe kuhesabu pale kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, dakika nzima sio robo mara nne. Ikishuka chini ya hapo na mtu ana kizunguzungu, amsheni nahodha.

Simu isikae mfuko wa shati, iwe mbali na betri sentimita 15 hivi. Kadi ya betri ipigeni picha, na uwanja wa ndege wa Manda aionyeshe kabla ya ukaguzi.

Mfuko wetu ulikaa nyuma ya mlango: kadi, barua ya hospitali, dawa zake zote hasa za kulainisha damu, pawabenki na kiti cha plastiki cha kukalia botini. Nahodha alitaka petroli yake iwekwe kabisa, asije akaanza kutafuta usiku, tukamjazia dumu la lita 20 na mpaka leo liko pale ukumbini limefunikwa gunia.