Kabla hujaanza kuandika andiko la kuomba hela za utafiti

Wengi wetu hapa Dar tukiona tangazo la ufadhili kwenye grupu la WhatsApp kitu cha kwanza ni kufungua laptopu na kuanza kushusha utangulizi, malaria inaua, kisukari kinapanda, mzigo wa magonjwa Tanzania ni huu na huu, halafu zikibaki siku tatu ndo mtu anauliza hivi chuo chetu kimesajiliwa kule kweli? Kiukweli andiko lenyewe linakutegemea wewe, ukikesha linaisha. Yanayoangusha maombi mengi ni yale yanayotegemea watu wengine, na hayo hayakeshewi, kwa hiyo ndo yaanze, hata kama tangazo lenyewe bado halijatoka.

La kwanza kabisa ni usajili. Kwa hela za NIH ya Marekani (taasisi yao ya taifa ya utafiti wa afya) anayeomba kisheria ni taasisi yako, sio wewe, na taasisi lazima iwe na namba ya UEI, yaani utambulisho wa taasisi, ambayo inapatikana SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali ya Marekani (UEI ilichukua nafasi ya namba ya DUNS tangu Aprili 2022, kwa hiyo ukikuta mwongozo wa zamani unakwambia DUNS achana nao), na taasisi ya nje ya Marekani kabla ya kukamilisha usajili wa SAM inatakiwa iwe na msimbo wa NCAGE (utambulisho wa taasisi za nje), halafu ndo Grants.gov, tovuti ya kutuma maombi, na eRA Commons, mfumo wa NIH wenyewe, ambako wewe mwenyewe unafunguliwa akaunti na mtu wa ofisini kwenu mwenye mamlaka ya kusaini. Jina na anwani vifanane kila mahali, kama cheti kinasema hivi na SAM wameandika vingine utazungushwa wiki kadhaa kwa ajili ya sanduku la posta. Na SAM inahuishwa kila mwaka, watu wanajiamini tuko hai kumbe imeshakufa tangu mhasibu wa zamani aondoke. Kwa hela za Ulaya ni afadhali kidogo, taasisi inahitaji PIC, namba ya utambulisho, kwenye tovuti ya Kamisheni ya Ulaya basi. Wewe binafsi tengeneza ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, ni bure na ni dakika chache, sioni kisingizio.

Nenda pia uonane na yule dada au kaka wa ofisi ya utafiti kabla hujawa na shida naye. Muulize nani anasaini, akisafiri nani anakaimu, na wanataka andiko siku ngapi kabla ya dedilaini. Bosi akiwa Dodoma kwenye kikao hakuna sahihi, na mfadhili hajui Dodoma ni nini.

Mfadhili gani sasa? Hapa usirushe nyavu kila mahali. Kama ndo unaanza na huna rekodi, kuna hela ndogondogo za kuanzia, TWAS ya Trieste, Italia (akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea) wana ruzuku za sayansi za msingi kwa watafiti wa nchi zinazoendelea, Grand Challenges ya taasisi ya Gates wamekuwa wakitoa hadi dola 100,000 kwa wazo jipya na andiko lao la awali ni fupi. Majaribio ya dawa na chanjo kwa magonjwa yetu haya, angalia Global Health EDCTP3 ya Brussels, mpango wa ubia wa Ulaya na Afrika, hiyo ni ya timu, nchi za Ulaya na Afrika pamoja, peke yako hufui dafu. Wellcome, mfuko wa utafiti wa afya wa London, wana ngazi kwa ngazi kulingana na umri wako kwenye utafiti. Fogarty, tawi la NIH lililoanza 1968, ndo wamesomesha na kufadhili wengi wa mabosi zetu hawa, ila hela za Marekani kwa sasa soma tangazo lenyewe la wiki hiyo, usisikilize stori, kwa sababu Mei 2025 NIH walitangaza kusimamisha zile hela mpya zinazopita kwa chuo cha Marekani kuja kwa mbia wa nje mpaka waweke utaratibu mwingine, na USAID ndo hiyo imefungwa. Mradi wako wote ukiwa umeegemea mbia mmoja wa ng'ambo, muulize mapema hela inapitaje.

Vibali. Watu wanaweka mwezi mmoja kwenye ratiba ya kazi, unacheka. Kamati ya maadili ya taasisi yako, halafu NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) ngazi ya taifa, kama kuna mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) pale Kijitonyama, ukijaribu dawa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wanaingia, sampuli zikisafiri nje kuna mkataba wake, na taarifa za wagonjwa zikisafiri kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Ada zake ziweke kwenye bajeti, muda wake uweke kwenye ratiba, bila aibu.

Bajeti usiandike peke yako usiku. Kaa na mhasibu, maana gharama za uendeshaji, ile asilimia ya taasisi juu ya gharama za mradi wenyewe, kila mfadhili ana hesabu yake, NIH kwa taasisi za nje wamezoea asilimia 8, miradi ya kawaida ya Horizon Europe (mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya) ni asilimia 25, na mkuu wako akisikia 8 atanuna, bora anune sasa kuliko siku ya kusaini. Weka mafuta ya gari, posho za wahojaji kwa viwango vya taasisi yenu, kutoa mzigo bandarini. Mashine bila matengenezo na vitendanishi ni samani tu.

Barua za ushirikiano nazo zinachelewa ajabu. Kama utafanyia Temeke au Mbagala, mganga mkuu wa manispaa ajue mapema, na mwandikie rasimu ya barua mwenyewe, arekebishe tu.

Saa ya mwisho pia isomeni vizuri. NIH ni saa kumi na moja jioni kwa saa za hapahapa kwetu. Brussels ni saa kumi na moja ya kwao, yaani huku saa kumi na mbili jioni kipindi chao cha kiangazi na saa moja usiku kipindi cha baridi. Tuma siku mbili kabla, mfumo ukigundua kosa upate nafasi ya kurekebisha, umeme ukikatika ukatike.

Wakikukatalia, omba maoni ya wapitiaji uyatunze. NIH wanakuruhusu kurudisha andiko lilelile lililorekebishwa mara moja, ndani ya miezi 37, na mwenye maoni yale mkononi anaandika ukurasa wa majibu akijua anajibu nini.