Kuongeza mwanga wa taa kubwa za lori kwa kutumia rilei

Lori lililopakia dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, likaondoka jioni, husindikizwa na taa za mji hadi Igoma na Kisesa. Baada ya hapo, kuelekea Magu na Lamadi, dereva hubaki na taa zake mwenyewe, na ng'ombe mweusi aliyesimama kando ya lami huonekana akiwa ameshakaribia bampa. Dereva akilalamika kwamba taa hazifiki mbali, mara nyingi huuziwa globu za wati 100, ambazo huyeyusha soketi na kuwapofusha wanaokuja mbele yake. Kwa maoni yangu, globu ndicho kitu cha mwisho kushukiwa.

Katika malori mengi ya zamani umeme wa taa hutoka kwenye betri, hupanda kabini, hupita ndani ya swichi ya usukani, kisha hurudi mbele hadi kwenye globu. Globu mbili za wati 70 katika gari la volti 24 huvuta takribani ampea 6, na waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 12 hula peke yake karibu volti 1.7, kabla hatujahesabu swichi iliyochakaa na viunganishi vyenye kutu. Mwanga wa globu ya halojeni nao hupungua kwa kasi kuliko volti zinavyopungua: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa takribani asilimia 30.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua chochote. Washa injini, washa taa za dimu (mwanga wa chini), pima volti kwenye betri, kisha pima nyuma ya globu ikiwa bado imechomekwa, kwa kuwa soketi tupu haipitishi umeme na itakupa namba ya uongo. Fuso moja niliyoipima ilionyesha 27.6 kwenye betri na 24.4 kwenye globu ya kushoto, maana yake dereva wake alikuwa akitembea na theluthi mbili tu za mwanga aliostahili kuupata. Ukikuta tofauti isiyofika nusu volti, weka vifaa chini: rilei, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa, hazitakusaidia, na kilichobaki ni kusafisha vioo vya taa, hasa mabaki ya wale wadudu wa ziwani, na kukagua kama sahani ya ndani inayorudisha mwanga imefifia.

Tofauti ikiwa kubwa, tafuta rilei mbili za volti 24 (ya volti 12 itaungua mara moja koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani unaogeuka sumaku), moja ya dimu na moja ya fulu (mwanga wa mbali), waya wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 4, vishikilia fyuzi, soketi mpya za globu na lagi (vichwa vya chuma vya ncha za waya) za kubana. Waya wa nyumba wenye shaba moja nene usiutumie hata ukipewa bure, kwa sababu mtikisiko wa barabara huukata ndani ya ganda bila kuonekana.

Kazi ya rilei ni rahisi kuielewa. Swichi ya zamani haibebi tena umeme wa globu. Inabeba ule mdogo tu wa kuamsha koili, kupitia miguu ya 85 na 86, na koili inapoamka huunganisha mguu wa 30 na wa 87. Mguu wa 30 hupokea waya mnene kutoka betri, na wa 87 hupeleka umeme kwenye globu. Ukiwa na rilei ya miguu mitano, ule wa 87a uache wazi na uufunge kwa tepu. Waya wa dimu uliokuwa ukiingia kwenye soketi ya zamani sasa unakwenda kwenye mguu wa 86 wa rilei ya dimu, wa fulu unakwenda kwenye rilei ya fulu, na miguu ya 85 inakwenda ethi, yaani kwenye chuma cha gari kilichoungwa na hasi ya betri.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu malori kadhaa ya Kijapani hukatia taa upande wa hasi: globu hupewa chanya muda wote, na swichi hukata njia ya kurudi. Chomoa globu, washa taa, gusa kila tundu la soketi kwa taa ya kupimia ambayo waya wake mwingine umebanwa kwenye chasisi. Kama kuna tundu lenye umeme muda wote, ukiwa kwenye dimu au kwenye fulu, gari lako ni la aina hiyo: tundu hilo lipeleke kwenye miguu ya 86 ya rilei zote mbili, na nyaya za dimu na fulu zipeleke kwenye miguu ya 85. Katika baadhi ya magari hayo taa ndogo ya bluu ya dashibodi hukataa kuwaka baada ya kazi, kwa kuwa ilikuwa ikipata njia yake kupitia globu yenyewe.

Kabla ya kuunga, ondoa tamino ya hasi ya betri. Umeme uchukue kwenye chanya ya mwisho ya betri zote mbili zilizoungwa mfululizo, kamwe si kwenye kiungo cha katikati, na fyuzi kuu ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukisuguliwa na chasisi fyuzi ikatike kabla moto haujaanza. Mimi hupendelea pia kila globu ya dimu iwe na fyuzi yake ndogo baada ya rilei, maana fyuzi ikikatika upande mmoja bado utafika Bunda. Ethi mpya ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi kung'aa, kisha ipakwe grisi.

Pale kabini inapoinukia, uache waya ulegee vya kutosha na uuvishe bomba laini. Waya uliokazwa hapo hukatika siku fundi anapoinua kabini kutengeneza injini. Rilei zenyewe zifunge miguu ikitazama chini, mahali maji ya kuoshea gari hayafiki moja kwa moja.

Rudia kipimo kile kile. Ile Fuso ilifika 27.1 kwenye globu. Acha taa ziwake dakika 20, kisha gusa fyuzi, lagi na soketi: chochote kilicho moto kimebanwa vibaya, kibane upya. Halafu simamisha lori likiwa na mzigo, kwa sababu mzigo hushusha nyuma na kuinua mbele, mita 10 kutoka ukutani, uweke alama ya kimo cha katikati ya taa, na ushushe dimu hadi ukingo wake wa juu uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya alama hiyo.