Boti ya rimoti yenye mota mbili: propela zizungukie wapi?

Kwa boti ya kawaida, zizungukie nje. Kaa upande wa tezi (nyuma ya boti) utazame omo (mbele yake): boti ikienda mbele, propela ya upande wa kulia izunguke kama mishale ya saa, ya kushoto kinyume chake. Zote mbili zikizunguka kama mishale ya saa, boti italalia kushoto na omo itavutwa huko huko, usukani ukiwa katikati.

Zikizungukia ndani ulalo huo pia huisha, ila utaumia kwenye kona. Ukitaka kugeuka papo hapo, mota moja mbele na nyingine nyuma, zinazozungukia nje zote mbili husaidia kusukuma tezi kule unakotaka. Za ndani hukupinga. Halafu kuna magugu maji, ambayo mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa: za ndani huburuta mizizi katikati ya shafti mbili (fimbo zinazozungusha propela).

Kuitambua propela, ilaze mezani, panga moja lielekee mbali nawe. Ukingo wa kulia wa panga hilo ukiwa chini na wa kushoto juu, ni propela ya kulia, yaani inayosukuma mbele ikizunguka kama mishale ya saa. Uigeuze chini juu, jibu ni lile lile. Unahitaji moja ya kulia na moja ya kushoto, kipenyo na mlalo wa mapanga vikiwa sawa. Wengi hununua mbili za kulia, wakageuza nyaya za mota moja. Hapo moja inasukuma mbele, nyingine nyuma, boti inazunguka kama pia.

Mota ya brashi hugeuzwa kwa kubadilishana nyaya zake mbili. Isiyo na brashi, nyaya zozote mbili kati ya tatu. Nyaya za betri usiziguse, utaunguza kidhibiti mwendo. Kama una vidhibiti viwili vyenye kulisha umeme risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), chomoa waya mwekundu wa plagi ya risiva kwenye kimoja.

Kwenye shafti yenye uzi wa kawaida, propela ya kulia hujifungua ikienda mbele, ya kushoto ikirudi nyuma. Kaza nati ya kufungia nyuma ya kila moja.

Jaribu kwanza kwenye beseni, boti umeishika: propela zote mbili zirushe maji nyuma. Ziwani nenda asubuhi, upepo haujaamka. Ikivuta upande mmoja ilhali propela ni sahihi, kagua mota: zile za drili nyingi zimetegwa kwa mzunguko wa upande mmoja, zikigeuzwa hupungua kasi na kupata moto. Tafuta jozi isiyotegwa.